Jinsi ya kukusanya habari za Mangi Meli na watu waliosimama naye

Desemba 2007 nilikaa kwenye kigoda barazani kwa bibi mmoja wa Old Moshi, juu ya Kidia, daftari mapajani. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwomba anisimulie jinsi Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Old Moshi, alivyonyongwa na Wajerumani. Yeye akaanza na babu wa mume wake: kwamba alikuwa kijana, kwamba alikuwa na ngao ya ngozi iliyobaki imetundikwa ndani ya nyumba mpaka mchwa walipoimaliza, kwamba alitoka usiku kumfuata Mangi wakati Wajerumani walipokuja kutoka Marangu. Nilimsikiliza kidogo, nikatazama saa, maana gari la mwisho la kushuka Kiboriloni lilikuwa karibu kuondoka. Nikamwambia, "Bibi, tuje kwa Mangi mwenyewe." Akanyamaza. Akapepeta maharage mara mbili tatu, halafu akanipa yale ambayo kila mtu huku mlimani anayajua: mti, kamba, kichwa kupelekwa Ulaya. Nikaandika kurasa mbili, nikashukuru, nikashuka. Jina la yule kijana mwenye ngao sikuliandika. Bibi alifariki mwaka uliofuata, kabla ya Pasaka.

Nimefundisha historia sekondari miaka 27, sasa nimestaafu na ninaishi Moshi mjini. Tangu siku ile nimerudi kwenye vihamba vingi, mashamba ya migomba ya koo zetu, Old Moshi, Kibosho, Siha na Marangu, na kila ninapokwenda huwa namkumbuka yule bibi. Vijana wengi siku hizi wananiuliza waanzie wapi wakitaka kuandika habari za ukoo wao na vita vya Wajerumani. Ninawaeleza hapa jinsi ninavyofanya.

Kabla hujapanda mlimani, jua yaliyo na tarehe

Usiende kwa mzee ukiwa mtupu. Mzee akigundua hujui hata Rindi alikuwa nani, atakupa hadithi ya watoto na kukuaga. Haya ndiyo ninayotaka uwe nayo kichwani.

Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alikuwa Mangi wa Moshi, hiyo tunayoiita leo Old Moshi. Mwaka 1885 aliwekeana mkataba na Wajerumani, na mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin. Alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika nafasi yake akiwa bado kijana. Februari ya mwaka huohuo wa 1891, Mjerumani Wissmann alikuwa amempiga Mangi Sina wa Kibosho. Kisha Wajerumani walihamishia kituo chao Marangu kwa Mangi Marealle.

Juni 1892 walitoka Marangu kumwendea Meli, wakiongozwa na Albrecht von Bülow. Watu wa Meli waliwasubiri migombani na wakawashinda. Von Bülow alikufa kwa majeraha, na Wajerumani wakauacha mlima kwa muda. Walirudi Agosti 1893 na jeshi kubwa, safari hii wakiongozwa na von Schele, aliyekuja kuwa gavana muda mfupi baadaye. Meli akashindwa na akalazimika kukubali masharti yao. Boma la Wajerumani likajengwa Old Moshi, na Kapteni Kurt Johannes akakaa pale akiamua mambo ya mlima mzima. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho.

Tarehe 2 Machi 1900, siku ya Ijumaa, Johannes aliwanyonga viongozi 19 Old Moshi kwa madai kwamba walipanga njama ya kuasi. Meli alikuwa mmoja wao. Walikuwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, na walikuwamo maakida na washauri wao. Wazee husimulia kwamba Meli alining'inia saa nyingi kabla ya kukata roho. Vichwa vya baadhi yao vilikatwa vikapelekwa Ujerumani.

Hizo ndizo nguzo, na ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Utakayoyapata kwa mzee utayafunga kwenye nguzo hizo, na usipokuwa nazo utarudi na fundo ambalo halifunguki.

Piga hesabu ya vizazi

Watu wengi hukosea hapa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mzee wa miaka 85 leo alizaliwa karibu mwaka 1940. Baba yake huenda alizaliwa kati ya 1900 na 1915. Aliyekuwa mtu mzima siku ya kunyongwa ni babu yake. Kwa hiyo mzee huyo hakuona kitu, alisimuliwa. Swali lako la msingi ni alisimuliwa na nani, wapi, wakati wanafanya nini. "Bibi alikuwa ananiambia tukikata majani ya ng'ombe" ni jibu lenye uzito kuliko "watu wanasema".

Ndiyo maana simtafuti mzee kuliko wote. Namtafuta aliyelelewa na bibi yake. Katika kila ukoo yupo mtoto mmoja aliyeachwa nyumbani kumsaidia bibi kuni na maji wakati wenzake wako shule, na huyo ndiye aliyesikia. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi watu wa ukoo watakuambia, "Huyo hajui kitu, nenda kwa mwenyekiti wa ukoo." Nenda kwa mwenyekiti kwa heshima, kisha rudi kwa mama huyo. Hata mjukuu wa Meli, aliyehangaika kwa miongo mingi kudai fuvu la babu yake, habari alizipata kwa bibi yake, mke wa Mangi, aliyelazimishwa kutazama mumewe akinyongwa. Wanaume walisimulia vita. Wanawake walibaki na asubuhi iliyofuata: nani alilia, nani alikatazwa kulia, ng'ombe walipelekwa wapi.

Kuhusu majina, mila yetu inakusaidia. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo ukimwuliza mzee, "Jina lako la nyumbani umelirithi kwa nani?" unaweza kuruka vizazi viwili kwa swali moja. Hakikisha unauliza jina la nyumbani. Jina la ubatizo halitakufikisha 1900, maana wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 tu na ubatizo ulikwenda polepole.

Siku ya kwenda

Msimu mzuri ni Krismasi, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar, Arusha na kwingineko. Vijana wapo, wazee wamechangamka, na mtu akisahau jina kuna mwingine jikoni wa kumkumbusha. Ubaya wake ni kelele. Mimi hupanga ziara ya kwanza Desemba watu wakiwa wengi, nijue nani ni nani, na ya pili Januari au Februari, nyumba ikiwa imetulia. Habari zenyewe huja kwenye ziara ya pili.

Nenda asubuhi, baada ya ng'ombe kupewa majani na kabla ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sina ubaya na mbege, nimekunywa kwenye kata tangu ujana wangu, lakini mzee akishapata kata ya pili habari huanza kunoga kuliko zilivyokuwa. Beba sukari kilo mbili na majani ya chai. Usibebe bahasha. Siku utakayoanza kulipa fedha ndipo utakapoanza kuuziwa habari, na jirani atakuja na zake zilizopikwa usiku uliopita.

Usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na mtu wa ukoo ule, hata kama ni kijana wa darasa la saba, ili mzee akuulize, "Wewe ni wa nani?" na awepo wa kukujibia. Salimu kwa lugha ya nyumbani. Hata ukijua "Shimbonyi" na "Aika mbe" tu, zitumie. Kunywa chai au mtori utakaopewa, maliza, ndipo ueleze kilichokuleta. Simu bado iko mfukoni.

Mahali pa kukaa pachague kwa masikio. Kurekodi karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, kunaharibu sauti: maji unayoona yanapita taratibu, kwenye simu yanasikika kama mvua. Chini ya mabati ni hivyohivyo ikianza kunyesha. Chini ya mgomba ni pazuri isipokuwa kuna upepo. Mimi hupenda barazani, mgongo ukutani, simu juu ya kigoda kilichofunikwa kanga ili isitetemeshe sauti. Kabla ya kuwasha, mwombe ruhusa kwa sauti, kisha washa, umwombe tena ili ruhusa yenyewe iwe ndani ya rekodi. Mwambie utaipeleka wapi. Akisema "hiki usikitoe nje", zima, na usikitoe. Ninazo habari tatu za namna hiyo, na nitakufa nazo.

Anza na kihamba

Usianze na Mangi. Huo ndio ugonjwa niliokuwa nao 2007. Ukimwuliza mtu habari za Mangi, atakupa habari za watu wote, ambazo si za mtu yeyote. Anza na ardhi uliyoikalia. "Kihamba hiki alikupa nani?" Baba. "Na yeye alipewa na nani?" Babu. "Na babu, nani alimwonyesha mpaka?" Hapo mzee atasimama, atakuonyesha masale, mimea yetu ya kuwekea alama, yaliyopandwa mpakani, na pengine atakuonyesha masale mengine katikati ya migomba, mahali walipozikwa. Simama naye. Habari nzuri nyingi nimezipata kwa miguu, kati ya mgomba na mgomba, nikiwa nimeacha daftari barazani na simu mkononi.

Kutoka kwa babu, uliza kazi yake. Alikuwa mchili, msaidizi wa Mangi? Alichimba mfongo? Alikwenda vitani? Alilipaje kodi? Alijenga boma? Katika swali la boma mikono ya wazee huanza kufanya kazi. Mzee mmoja wa Mahoma, nilipomwuliza babu yake alibebaje mawe, hakunijibu kwa maneno. Aliinuka, akaweka mkono wa kulia begani, akainamisha shingo upande wa kushoto, akatembea hatua tano hivi na kurudi. Akasema, "Hivi. Baba alinionyesha hivi, naye alionyeshwa na baba yake." Simu haikuona kitu. Kwa hiyo daftari lisikae mbali: sauti inaenda kwenye simu, na mkono, macho, na pale aliponyamaza vinaenda kwenye daftari. Niliandika: "Bega la kulia. Hatua tano. Shingo kushoto." Niliposoma tena nyumbani niliona kwamba uzito wa jiwe lile umepita kwenye miili mitatu ya watu.

Kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote. "Kuna kitu ambacho bibi yako alikuwa hataki?" Acha hivyohivyo, bila maelezo. Mmoja aliniambia bibi yake hakupita kamwe karibu na ule mti, alizunguka kwa njia ya chini hata akiwa na mzigo. Mwingine aliniambia kwao ilikatazwa kupiga miluzi usiku, kwa sababu askari waliokuja kuwachukua watu walikuwa wakiitana kwa miluzi. Hakuna afisa wa Kijerumani aliyeandika jambo hilo kwenye ripoti.

Usimlishe maneno. Ukisema, "Wajerumani waliwatesa sana, siyo?" atasema "sana", na hapo swali limekufa. Na mzee akitumia Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, mwache aendelee na Kimochi hata kama anakijua Kiswahili vizuri. Kiandike au kirekodi kilivyo, tafsiri baadaye. Kuna neno la kumfunga mtu na neno la kumtundika, na mzee huchagua.

Mwaka wa mzee na mwaka wa kalenda

Mzee hatakupa tarehe. Usimwombe, utamfanya aone aibu. Mpe matukio achague. Babu alikufa kabla au baada ya garimoshi kufika Moshi? Reli ya kutoka Tanga ilifika 1911, na mji wa chini ukakua kuizunguka, ndiyo maana huku juu tukawa Old Moshi. Kabla au baada ya Waingereza kuingia? Hiyo ni Machi 1916. Kahawa alikuwa anauza KNCU? Chama hicho cha ushirika kilianza 1933. Mangi Mkuu wa Wachagga wote alikuwa ameshasimikwa? Utakuwa umeingia miaka ya 1950. Kwa maswali manne unaweza kumweka mtu mahali pake bila kutaja mwaka hata mmoja.

Kosa utakalokutana nalo karibu kila nyumba ni vita kuchanganywa. Kushinda kwa 1892 na kushindwa kwa 1893 vimekaa kwenye hadithi moja, na wakati mwingine vita ya Sina ya 1891 imeingia humohumo. Usimsahihishe mzee. Uliza: "Mkubwa wa Wazungu alikufa siku hiyo?" Kama alikufa, uko Juni 1892. "Walikuwa wachache au walijaa?" Wakijaa, na nyumba ya Mangi ikaanguka, umefika Agosti 1893. "Mapigano yalikuwa huku au Kibosho?" Hapo umemtenga Sina. Mzee mmoja alipomaliza kujibu maswali hayo alinitazama akasema, "Kumbe ni vita viwili." Alikuwa amevibeba miaka 80 kama kimoja. Furaha iliyokuwa usoni mwake siwezi kuieleza, ni kama mtu aliyepewa ng'ombe wa pili.

Ukienda Marangu

Lazima uende. Huku Old Moshi utaambiwa kwamba Marealle ndiye aliyepeleka maneno kwa Johannes mpaka wenzake wakanyongwa, na wanahistoria wengi wanaandika vivyo hivyo. Marangu wana maelezo yao. Watakuambia kwamba kila Mangi alikuwa na maadui wake kabla ya Mzungu kufika, kwamba Rindi na Sina nao waliwahi kumtumia Mzungu kumpiga jirani, na kwamba Marealle aliwalinda watu wake wasipigwe mizinga kama Kibosho ilivyopigwa. Mimi nina upande wangu, nimezaliwa Old Moshi na sifichi. Lakini nikifika Marangu nakaa kimya na kuandika neno kwa neno kama ninavyoandika kwetu. Usiende na hukumu mfukoni. Mara ya kwanza nilikwenda nayo, ikaonekana usoni, nikapewa chai nzuri na hakuna kingine.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya habari za kwanza kabisa za Wamangi zilizoandikwa na Mchagga ziliandikwa na mwalimu wa Marangu, Nathaniel Mtui, karne iliyopita ilipokuwa bado changa. Kazi yake ni hazina kubwa, na ameiandika akiwa amekaa Marangu. Wamisionari nao waliandika wakiwa wamekaa misheni. Andika kando ya kila habari: imetoka kwenye baraza la nani.

Nyaraka hizo zipo na unaweza kuzifikia. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Wajerumani, na utahitaji kibali cha utafiti. Vitabu vya ubatizo vya sharika za zamani vina majina ya wajane na watoto. Picha za wamisionari wa Leipzig zipo kwenye intaneti, katika hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Chapisha mbili tatu, mpelekee mzee. Usimwambie ni nini. Mpe, nyamaza.

Rudi, umsomee

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inachosha. Ukishaandika, rudi umsomee mzee alichosema, chote, taratibu. Mara ya mwisho nilikuwa namsomea baba mmoja wa Siha habari za siku Mangi Ngalami alipochukuliwa. Nilipofika kwenye orodha ya waliomsindikiza, mkwe wake akapaza sauti kutoka jikoni, akiwa anamenya ndizi za kiburu: "Umemsahau yule wa nyumba ndogo!" Mzee akashika kichwa. Jina likapatikana. Bila kusoma kwa sauti lisingepatikana, na mama yule hakuwa kwenye mpango wangu wa watu wa kuhojiwa.

Mwachie nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa. Sauti ihamishe siku hiyohiyo kutoka kwenye simu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja kwa mtu mwingine wa ukoo anayeishi mji mwingine. Jina la faili liwe na kijiji, ukoo, na tarehe ya mahojiano.

Mzee akikuambia babu yake alinyongwa siku ile

Hapa nakuomba upunguze mwendo. Taasisi moja ya Berlin inayosimamia makumbusho ya huko ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na 202 kati yake yalihusishwa na nchi ambayo leo ni Tanzania. Machache yalikuwa na maelezo ya kutosha kutafutiwa ndugu. Mwaka 2023 walitangaza kwamba mafuvu 3 yamepata ndugu walio hai kwa vipimo vya vinasaba. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na likalingana na uzao wa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Mwaka huohuo, mwanzoni mwa Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi akiwa Songea.

Fikiri juu ya neno lile. Neno moja, wino kwenye mfupa, zaidi ya miaka 120, na ukoo mmoja wa mlimani ukapata pa kuelekeza machozi yake. Ndiyo sababu ninasisitiza majina, vyeo, vijiji, mama wa nani, mtoto wa nani. Hujui ni neno gani litakuja kulingana na nini.

Kwa hiyo andika kila kitu, lakini usiahidi. Atakuuliza, "Watamrudisha lini?" Mwambie ukweli, kwamba wewe ni mwandishi tu na mazungumzo yako kwa serikali mbili. Usichukue mate wala nywele za mtu, na usimruhusu mgeni yeyote achukue bila serikali kujua. Wenye ukoo waelekeze kwanza kwa serikali ya kijiji, kisha kwa afisa utamaduni wa wilaya. Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye idara ya Mambo ya Kale, ndiyo inayoshughulikia mambo haya pamoja na Makumbusho ya Taifa. Na mtu akija akidai fedha ili "aharakishe faili la babu", mfukuzeni.

Ukitaka kuwapeleka watoto kwenye mti, nendeni Tsuduni, Old Moshi. Tangu Machi 2019 pana sanamu ya Meli. Wapeleke wachache, wasizidi 15, na usiwahutubie pale. Waache wautazame mti kwanza. Darasa langu la mwisho lilikaa kimya dakika kadhaa, halafu msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, wake zao walisimama wapi?" Nilikuwa nimefundisha somo hilo kwa miongo miwili bila kujiuliza. Tulikwenda nyumba ya jirani kumwuliza mama mmoja, akatoka nje na kanga yake, akanyoosha mkono: pale chini, kwenye mteremko. Alivyoambiwa na mama mkwe wake.

Kuhusu yule bibi wa maharage: mwaka 2011 nilikata isale, mmea uleule wa mpakani, kihambani kwetu, nikalipeleka kwa wanawe. Kwa Mchagga isale likishapokewa, msamaha umepokewa. Walilipokea. Tukakaa kutwa nzima tukitafuta jina la babu yao mwenye ngao. Mmoja alikumbuka ngao, mwingine alikumbuka kuwa alikuwa na kovu mguuni, binti alikumbuka kwamba aliitwa kwa jina la utani lenye maana ya mtu asiyelala. Jina la nyumbani hakuna aliyekuwa nalo. Majina yao ya kurithi yalikuwa yamepita upande wa ndugu aliyehamia Tanga.

Katika daftari langu ana mstari wake, kwa penseli: "Mpiganaji, Juni 1892. Juu ya Kidia. Ngao ya ngozi, kovu mguuni, asiyelala. Jina:" halafu nafasi. Mwezi ujao naenda Tanga.